Kabla ya kuanua matanga, fungueni sanduku la bibi kwa utaratibu

Ndugu Mhariri,

Kurasa za kumbukumbu katika magazeti yetu zimejaa picha za bibi waliovaa kitenge cha WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), rozari mkononi. Chini ya picha kuna tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki, idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu, na maneno kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu na mpenda watu. Ni nadra kusoma kwamba kitambaa kilichotandikwa juu ya altare siku ya misa ya mazishi yake alikidarizi yeye mwenyewe, au kwamba stola, ule utepe mrefu wa shingoni, waliyovaa mapadre watatu wa parokia ile kwa kupokezana ilitoka mikononi mwake. WAWATA ilitimiza miaka 50 mwaka 2022, na wengi walioijenga kwa sindano na uzi ndio wanaoondoka sasa. Tunakuomba, Mhariri, mtu akileta tangazo dirishani kwako aulizwe swali moja la ziada: marehemu alitengeneza nini?

Shida ni kwamba swali hilo halina jibu kama sanduku limeshamwagwa. Siku ya kuanua matanga mali ya bibi hugawiwa kwa haraka. Vitenge vina wenyewe, mashuka yana wenyewe, na vile vyeupe vidogo vidogo huchukuliwa na yeyote, huku kila mmoja akidhani ni leso. Vinaishia kufutia meza na kufunikia televisheni. Vilivyochakaa huchomwa pamoja na godoro. Sisi tunaoshona na kutunza vitambaa vya altare tunaomba familia ziteue mtu mmoja, mwenye subira, afungue sanduku siku moja au mbili kabla ya ugawaji, na aite sakristani wa parokia, yaani mtunza vyombo na mavazi ya ibada, akae naye.

Waanze na vile vya mraba. Kitani cheupe chenye upande wa sentimita 45 hadi 50, kikiwa na alama za mikunjo inayokigawa katika miraba tisa, ni korporale. Ndicho kinachotandazwa katikati ya altare, kisha patena (sahani ya mkate wa Ekaristi) na kalisi (kikombe cha divai) vikawekwa juu yake. Hukunjwa sehemu tatu kwa urefu na tatu kwa upana, uso wa juu ukiwa ndani, ili chembe ya hostia, yaani mkate wa Ekaristi, iliyodondoka ibaki ndani ya kunjo. Mdarizi anayejua kazi yake haweki ua wala msalaba katikati ya korporale, kwa sababu kalisi itayumba juu ya uvimbe wa nyuzi na chembe zitajificha humo. Msalaba mdogo wa sentimita mbili au tatu hukaa karibu na pindo la upande wa padre. Mkiona korporale iliyofanywa hivyo, mjue bibi alifundishwa vizuri, na hilo ni jambo la kuandikwa katika wasifu wake.

Kitambaa cha mstatili, cha kama sentimita 30 kwa 45, kilichokunjwa sehemu tatu kwa urefu, ni purifikatorio, cha kufutia kalisi. Kwa desturi msalaba wake huwa katikati, ili kisichanganywe na kitambaa cha lavabo cha kukaushia mikono, ambacho alama yake huwekwa ukingoni. Mraba mgumu wa sentimita 15 hivi ni pala, kifuniko cha kalisi. Ndani yake mara nyingi kuna karatasi ngumu, na akiiloweka mtu asiyejua, karatasi huvimba na kuacha doa la kahawia ambalo halitoki tena. Itoeni kwanza kupitia upande ulioachwa wazi au ulioshikizwa kwa nyuzi chache.

Kuna kitu kimoja kinachochanganya karibu kila familia: utepe wa hariri wenye upana wa stola, lakini mfupi, kama mita moja tu, wenye msalaba katikati na kishikizo cha kuufunga. Wengi hudhani ni stola ya mtoto mtumishi wa altare. Huo ni manipulo, ambao padre aliufunga kwenye mkono wa kushoto, na ulazima wa kuuvaa uliondolewa mwaka 1967. Sanduku likiwa na manipulo, bibi alishona au alitunza mavazi ya ibada kabla ya hapo, hata kama hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumsikia akilisema.

Vitambaa virefu vya altare navyo vinasema umri wao. Zamani altare ilitandikwa vitambaa vitatu. Utaratibu wa misale (kitabu cha sala za misa) ya sasa unadai kimoja cheupe, angalau. Kwa hiyo mkikuta viwili vya kawaida visivyo na pambo na cha tatu chenye lesi, hiyo ni seti moja, msiitenganishe. Mara nyingi kitambaa cha wakati ule kina lesi upande mmoja wa mbele, kwa kuwa altare ilikuwa imeegemea ukuta; padre alipogeuka kuwaelekea waumini, wadarizi walianza kupamba pande zote mbili. Maneno nayo ni ushahidi: “Sanctus” yaliyodariziwa kwa uzi mwekundu ni ya kipindi cha Kilatini, “Mtakatifu” yakaja misa ilipoanza kuadhimishwa kwa Kiswahili miaka ya 1960.

Kujua kama ni kitani, pamba au tetroni, chomoeni uzi mmoja kwenye pindo la ndani na kuuchoma. Kitani na pamba huwaka na kuacha jivu laini lenye harufu ya karatasi. Tetroni huyeyuka na kuwa punje ngumu nyeusi. Si jambo dogo. Purifikatorio ya tetroni hainyonyi divai, inaizungusha tu ndani ya kalisi, na ndiyo maana bibi wa zamani walikataa vitambaa hivyo hata vilipokuwa bei rahisi.

Je, vitu hivi ni vya nani? Vilivyoletwa nyumbani kufuliwa ni mali ya parokia na virudishwe sakristia. Vilivyo vya bibi binafsi familia inaweza kuvirithi, lakini sheria ya Kanisa, kanuni ya 1171, inasema vitu vilivyotengwa kwa ibada kwa baraka viheshimiwe na visitumike kwa mambo ya kawaida, hata vikiwa mikononi mwa mtu binafsi. Korporale iliyowahi kutumika altareni haiwi kitambaa cha kochi. Ikichakaa kupita kiasi huchomwa, na majivu yake yakazikwa mahali pasipokanyagwa. Lakini msifike huko haraka. Hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya mwaka 1963, iliwataka maaskofu wawe macho ili vyombo na kazi za thamani za nyumba ya Mungu visiuzwe wala kutawanyika. Kitambaa kilichodariziwa na mama wa kigango (tawi dogo la parokia) ni pambo la nyumba hiyo pia, ingawa hakikutoka Ulaya kwa meli.

Kazi ambazo hazijamalizika zina thamani kuliko wengi wanavyofikiri. Hapo ndipo mtu huona mchoro wa penseli chini ya nyuzi, mahali bibi alipoanzia, na idadi ya nyuzi alizotumia. Tunashauri zisimaliziwe na mtu mwingine. Ondoeni sindano tu, kwa sababu itashika kutu ndani ya miezi michache, kisha ondoeni fremu ya duara, kwa sababu huacha pete ya uchafu. Karatasi za michoro, hata zilizotobokatoboka, wekeni pamoja na kazi yenyewe. Mtakapozinakili kwa karatasi ya kaboni, angalieni upande: ukiigeuza, herufi ya P katika alama ya Kristo (X na P zilizopandana) hutazama kushoto, na tumeshaona makasula, yaani mavazi ya juu ya padre, yenye kosa hilo yakivaliwa Pasaka hadi Pasaka.

Sasa kufua, ambako ndiko uharibifu mkubwa hutokea, na karibu daima kwa nia njema.

Korporale na purifikatorio zina utaratibu wake. Maelekezo ya Vatikani ya mwaka 2004 kuhusu Ekaristi yanakumbusha kwamba maji ya kwanza, ya kufua kwa mkono, yamwagwe katika sakrario, yaani sinki la sakristia ambalo bomba lake linaingia ardhini moja kwa moja, au yamwagwe kwenye udongo mahali panapofaa. Katika maji hayo ya kwanza msitie sabuni. Tumieni beseni lililotengwa kwa kazi hiyo, lowekeni, kamueni polepole kwa viganja, mwageni chini ya mti au ua ambapo watu hawapiti. Baada ya hapo ndipo kitambaa hufuliwa kama kawaida. Sababu ni ileile ya mikunjo tisa: huenda kuna chembe.

Doa la divai nyekundu lioshwe kwa maji baridi kabla ya sabuni yoyote. Sabuni ya mche hubadili rangi ya divai kuwa ya buluu au kijivu, kisha doa linakaa. Ndiyo maana parokia nyingi hupendelea divai nyeupe. Rangi ya midomo ni mafuta, hivyo itoeni kwa sabuni ya vyombo, mkisugua kwa upande wa nyuma ili mafuta yatoke yalikoingilia. Nta ya mshumaa iacheni ikauke kabisa, kwangueni kwa kijiko, halafu wekeni kitambaa katikati ya karatasi mbili za kaki na kupitisha pasi ya moto wa wastani, mkibadilisha karatasi kila inapolowa. Gazeti lisitumike, Mhariri utuwie radhi, kwa kuwa linaacha wino.

Kutu ya pini na sindano hutolewa kwa ndimu na chumvi: kamulieni ndimu juu ya doa, nyunyizieni chumvi, anikeni juani saa moja au mbili, suuzeni sana, rudieni ikibidi. Msiguse kutu kwa dawa ya klorini ya kung’arishia nguo. Doa huzidi kukolea na kitani kinachoka hadi kutoboka. Kwa kweli dawa hiyo haifai kabisa kwa vitambaa vya zamani. Siku ya kwanza kitang’aa, baada ya miezi kitakuwa cha manjano na pindo litaanza kukatika. Umanjano wa uzee hupungua kwa kuloweka tu katika maji ya kawaida, kuyabadilisha kila baada ya saa chache mpaka yasibadilike rangi, kisha sabuni nyepesi isiyo na manukato, na kuanika juu ya majani juani kikiwa bado kibichi. Jua hilo ni kwa kitambaa cheupe chenye uzi mweupe peke yake.

Chenye uzi wa rangi kipimwe kwanza. Chukueni kipande cha pamba nyeupe kilicholowa, kikandamizeni juu ya uzi kwa dakika mbili. Kikitoka na wekundu, msiloweke kitambaa chote. Uzi mwekundu ndio mtoro mkubwa, na damu yake ikishaingia kwenye kitani cheupe hakuna dawa ya nyumbani. Mavazi ya hariri na yenye nyuzi za dhahabu yasifuliwe nyumbani hata kidogo: pigeni vumbi kwa brashi laini kupitia kipande cha chandarua, basi.

Kukamua kwa kusokota kunavuta nyuzi za darizi na kuzipindisha. Viringisheni kitambaa ndani ya taulo na kubonyeza. Kipigeni pasi kikiwa na unyevunyevu, upande wa nyuma, juu ya taulo nene, ili darizi iinuke badala ya kulala. Wanaotumia pasi ya mkaa waweke kitambaa kingine juu, maana cheche moja inamaliza kazi ya miezi. Kwa korporale ya kutumika wiki hiyo, wanga unasaidia: kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo kwa lita moja ya maji, ukorogwe kwanza katika maji baridi kidogo, umiminwe kwenye maji yanayochemka hadi uwe angavu, uchujwe. Ukiwa mzito zaidi ya hapo kitani huvunjika penye mikunjo.

Lakini kitambaa kinachokwenda kuhifadhiwa kama kumbukumbu kisitiwe wanga wala buluu. Wanga ni chakula cha mende. Kisikunjwe pia kama inawezekana: kiviringisheni, darizi ikiwa nje, kwenye bomba la kadibodi lililofunikwa karatasi nyeupe au shuka safi ya pamba, kisha kifungeni kwa utepe wa kitambaa, si mpira wala selotepu. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu na kuzaa ukungu, hasa Pwani wakati wa masika. Sanduku la bati nalo hutoa kutu na jasho kwa ndani, kwa hiyo litandikeni shuka nene na liinueni juu ya matofali, mbali na ukuta, mchwa wasilifikie. Vidonge vya naftalini havina kazi hapo. Nondo hula sufu na hariri, hawali kitani wala pamba. Kinachohitajika ni kufungua sanduku kila baada ya miezi sita, siku kavu, na kupunga hewa.

Rozari zina mambo machache. Rozari kamili ina shanga 59, yaani 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu. Hesabuni kabla ya kuitengeneza, kwa sababu iliyokatika na kuungwa haraka hupungukiwa shanga katika fungu moja, na warithi husali Salamu Maria tisa badala ya kumi bila kujua. Ya mafundo hutumia kama mita sita za uzi mnene wa nailoni, na mwisho wa uzi huyeyushwa kwa moto wa kiberiti ili fundo lisifunguke. Onyo moja zito: zile za mbegu nyekundu zenye doa jeusi wasipewe watoto wachezee. Mbegu hizo zina sumu kali, na ganda linapotobolewa ili kupitisha uzi, ndipo sumu hupata njia ya kutoka. Zitundikwe ukutani, ndani ya fremu ya kioo.

Kabla kitu chochote hakijaondoka nyumbani, pigeni picha. Tumieni mwanga wa dirishani bila flashi, rula iwe pembeni, na mpige mbele na nyuma. Nyuma ndiko ufundi unakoonekana: nyuzi zilizofichwa vizuri, bila mafundo, bila kurukaruka kutoka ua hadi ua. Halafu shoneni kwenye pindo la ndani kipande cha utepe wa pamba kilichoandikwa kwa penseli jina la bibi, kigango, na mwaka kama unajulikana. Kalamu ya wino hupenya na kusambaa. Gundi na stepla zisikaribie.

Mwaka mara nyingi haujulikani, na hapa ofisi ya parokia inasaidia kuliko kumbukumbu za ukoo zinazosema alizaliwa mwaka wa nzige. Daftari la ubatizo lina tarehe, jina la msimamizi, na pembeni mwa ukurasa mmeongezwa kipaimara na ndoa. Hata kama bibi alifunga ndoa jimbo jingine, paroko wa huko anapaswa kupeleka taarifa kwenye parokia alikobatizwa. Madaftari ya zamani yana maneno ya Kilatini; katekista mzee au padre atawasomea. Kwa waliobatizwa wakubwa, mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa ni makadirio, hivyo tegemeeni zaidi tarehe ya ubatizo.

Mkishakuwa na hayo, wasifu utajiandika wenyewe. Badala ya “alipenda kudarizi” mtaweza kusema, kwa mfano: alidarizi masuke na zabibu kwa mshono wa mnyororo, kwa nyuzi mbili kati ya sita za fungu, kwenye kitani alichokifua kabla ya kukata ili kisirudi, alifua korporale za kigango kila Jumatatu, alimfundisha binti wa jirani pembe ya mshazari. Msomaji mgeni kabisa atamwona mtu.

Kuna pia familia zinazotaka kumkumbuka bibi kwa kutoa kitambaa kipya cha altare. Ni jambo jema, ila wengi hupima altare na kununua urefu huohuo. Altare ya sentimita 200, ikiteremka sentimita 40 kila upande, na pindo la sentimita 5 kila ncha, inahitaji sentimita 290, na kitani kibichi hurudi kikifuliwa, basi nunueni mita 3 na nusu mkifue kwanza. Darizi iwe kwenye sehemu inayoning’inia. Juu, mahali pa misale na kalisi, pawe laini kabisa. Na jina la bibi likae ndani ya pindo. Kuliandika mbele kwa herufi kubwa, pamoja na majina ya watoto waliochangia, kunaigeuza altare kuwa bango.

Kwa wale ambao bibi zao bado wanashona, simu mliyo nayo inatosha. Simameni nyuma ya bega lake la kulia, si mbele yake, kwa sababu anayerekodi kutoka mbele hupata mikono iliyogeuzwa na mwanafunzi atashona kinyume. Mwombeni afanye polepole mishono kumi tu ya kila aina, akitaja jina analouita yeye. Rekodini pia anavyotia uzi kwenye sindano, anavyouanza bila fundo na anavyoumalizia nyuma ya kitambaa. Mara nyingi hicho kipande cha mwisho ndicho wanafunzi hukwama, na ndicho kamera huzimwa kabla hakijafika.

Ni sisi,
Washonaji na wasakristani,
Morogoro